Kiingereza cha Kazi kwa Fundi wa TEHAMA: Mwongozo Kamili wa Kuandika Taarifa ya Hitilafu Isiyorudishwa

Mwongozo huu ni wa fundi anayeijua kazi yake barabara, anayeweza kufunga ruta, kutandaza kebo na kuamsha seva iliyolala, lakini ambaye kila anapoandika taarifa ya hitilafu kwa Kiingereza, tiketi yake, yaani taarifa iliyosajiliwa kwenye mfumo wa msaada, hurudi ikiwa na maneno matatu: "Please provide details." Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma tiketi za mafundi wa hapa Mwanza kabla hazijapelekwa kwa wasambazaji na ofisi zilizo nje ya nchi, na nimeona makosa yale yale yakijirudia kwa watu waliosoma vyuo tofauti na wasiofahamiana kabisa.

Makosa hayo hayatokani na uvivu. Yanatokana na ukweli kwamba Kiswahili kinagawa mambo kwa namna yake na Kiingereza kwa namna nyingine: kitenzi kimoja chetu huwa vinne kwao, saa yetu huanza kuhesabiwa mahali pengine, na "ndiyo" yetu hukubali jambo ambalo "yes" yao hulikataa. Ukizifahamu sehemu hizo chache, hutahitaji kuirudia sarufi yote ya sekondari ili ueleweke kazini.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu hatua ya kwanza haiwezekani bila hivyo:

- Tiketi au barua pepe kumi ulizoandika mwenyewe kwa Kiingereza, pamoja na majibu uliyopewa.
- Daftari moja la kaunta litakalotumika kwa kazi hii peke yake.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti.
- Saa, au simu, iliyowekwa kwenye mfumo wa saa 24.
- Mwenzako mmoja wa kazini aliye tayari kusoma maandishi yako na kufanya nawe mazoezi ya simu.

Tenga nusu saa kila siku kwa wiki nne hivi. Programu za kutafsiri zinaweza kukusaidia kupata maana ya neno moja, lakini usizipe taarifa nzima izitafsiri, kwanza kwa sababu zinaweza kukosea katika sehemu zile zile utakazoziona katika Hatua ya 2, na pili kwa sababu taarifa za kazi hubeba majina ya wateja, anwani za mitandao na wakati mwingine nywila, vitu ambavyo havipaswi kutoka nje ya ofisi.

## Hatua ya 1: Soma tiketi zako kumi kama mgeni

Chukua tiketi moja baada ya nyingine na upige mstari chini ya kila sentensi iliyozaa swali kutoka upande wa pili. Kisha andika vitenzi vyote ulivyotumia kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba Kiingereza unachokihitaji tayari kiko katika kazi yako. Fundi wa kamera hahitaji msamiati wa mwandishi wa programu, na anayehudumia printa za ofisi za Barabara ya Kenyatta hahitaji maneno ya mtu anayepanda minara.

Ukimaliza vizuri, utakuwa na ukurasa mmoja wa vitenzi na alama za mistari zinazoangukia mahali pale pale. Mara nyingi mahali hapo ni matatu: kitenzi, saa, na ombi lisiloonyesha unataka nini.

## Hatua ya 2: Gawanya vitenzi vyako

Hii ndiyo hatua inayookoa tiketi nyingi kuliko nyingine, kwa hiyo usiipite haraka.

Anza na kufunga. Sisi tunafunga mlango, tunafunga kamera, tunafunga akaunti na tunafunga faili. Mwingereza ana neno kwa kila kimoja: mlango na faili ni "close", kamera ni "install", akaunti ni "lock" ikiwa imezuiwa na "close" ikiwa imefutwa kabisa. Fundi mmoja niliyefanya naye kazi aliweka kamera nne kwenye ghala moja la Kirumba, akaandika: "I have closed four cameras at the gate." Msimamizi aliyekuwa nje ya nchi alielewa kwamba kamera nne zimezimwa, akapiga simu usiku kuuliza nani ametoa ruhusa hiyo. Sentensi sahihi ilikuwa: "I have installed four cameras at the gate."

Kufungua kuna hatari inayofanana nayo. "Open the computer" ni kulegeza skrubu na kuondoa mfuniko. Kompyuta huwashwa kwa "turn on" au "switch on", akaunti iliyozuiwa hufunguliwa kwa "unlock", na faili ndiyo hufunguliwa kwa "open".

Kuzima ni "turn off" kwa kifaa kidogo na "shut down" kwa kompyuta au seva inayozimwa kwa utaratibu. Kifaa kikizima chenyewe, usiandike kana kwamba mtu amekizima; andika "The server shut down by itself" na mara moja utaje kama umeme ulikatika: "There was a power cut."

Kuweka hugawanyika zaidi ya vyote. Kuweka programu ni "install", kuweka faili kwenye tovuti ni "upload", kuweka nywila mpya ni "set", kuweka kadi ya simu ndani ya modemu ni "insert", na kuweka jina lako kwenye fomu ni "enter". Kutoa hufuata njia hiyo hiyo: kebo hutolewa kwa "unplug", programu kwa "uninstall", faili linalofutwa kwa "delete", na kifaa kinachoondolewa ukutani kwa "remove".

Kisha kuna vitenzi viwili tunavyovipenda, navyo havimwambii kitu mtu aliye mbali: kugoma na kusumbua. Tukisema "printa imegoma", aliye nasi chumbani huiona printa yenyewe. Anayesoma "The printer has refused" au "The network is disturbing" hana anachokiona. Chagua tukio lenyewe na ulitaje:

- Haiwaki kabisa: "It does not turn on."
- Inawaka kisha inazima: "It turns on, then shuts down after two minutes."
- Imeganda: "It freezes." Ikiwa ni programu: "The program is not responding."
- Mtandao unakatika na kurudi: "The connection keeps dropping."
- Mtandao uko, lakini unakwenda polepole: "The connection is slow."
- Mtandao haupo kabisa: "There is no connection."

Kuna kanuni ndogo ya maandishi ambayo hata wenye lugha yao huikosea. Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, jina kwa neno moja: "I cannot log in", lakini "my login", "I back up the server every night", lakini "the backup failed", "We set up the router", lakini "the setup is complete".

*Tahadhari:* usitafute kitenzi kizuri zaidi, tafuta kile kinachotaja kitendo kimoja tu. Maneno ya "install", "restart", "replace", "connect" na "remove" hayana mapambo, na ndiyo sababu yanafaa.

Utajua umefanikiwa mtu asiyekuwepo eneo la kazi akisoma sentensi yako na kuweza kuonyesha kwa mkono ulichokifanya.

## Hatua ya 3: Hamisha saa kabla ya kuandika

Tiketi nyingi zenye maelezo mazuri hufa kwa sababu ya saa. Saa yetu huhesabu tangu alfajiri na yao tangu usiku wa manane, hivyo tofauti ni saa sita kamili. Saa nne asubuhi ni 10:00. Saa kumi alasiri ni 16:00. Saa tatu usiku ni 21:00. Ukiandika "4:00" kwa kumaanisha saa nne asubuhi, mhandisi wa upande wa pili atafungua kumbukumbu za seva ("logs") za alfajiri, hataona kitu, na atafunga tiketi kwa maneno "No fault found". Hatakuwa amekosea, alitazama pale ulipomwelekeza.

Kuna tofauti ya pili juu ya hiyo. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu inayoitwa UTC, na seva nyingi huandika kumbukumbu zao kwa UTC. Ukiona herufi Z mwishoni mwa muda kwenye kumbukumbu, maana yake ni UTC. Kwa hiyo tukio la saa nne asubuhi pale Buzuruga ni 10:00 kwa saa ya Afrika Mashariki, inayofupishwa EAT, na ni 07:00 kwa UTC. Andika zote mbili: "10:00 EAT, which is 07:00 UTC." Usitumie saa ya London kama kipimo, kwa sababu Uingereza husogeza saa zake wakati wa kiangazi, hivyo wanakuwa nyuma yetu kwa saa tatu katika majira ya baridi na saa mbili katika kiangazi. UTC haisogei, na saa yetu haisogei.

Angalia pia siku. Fundi akisema ruta ilizima Jumanne usiku saa nane, wengi wetu tunaelewa usiku ulioanza Jumanne jioni. Kwa Kiingereza hiyo ni Jumatano, 02:00. Tarehe nayo iandike kwa jina la mwezi, kama "3 April", kwa sababu "03/04" ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani.

Halafu kuna neno mpaka, au hadi, ambalo Kiingereza hulikata vipande viwili. Ikiwa jambo litaendelea kwa muda wote kisha likome, ni "until": "The link was down until 11:00." Ikiwa jambo litafanyika mara moja, wakati wowote kabla ya muda fulani, ni "by": "I will replace the cable by 16:00." Ukiandika "I will replace the cable until 16:00", umesema utakuwa ukibadilisha kebo hiyo mfululizo mpaka saa kumi.

Na tangu: kukiwa na muda wa kuanzia, tumia "since", kama "since 09:40", kukiwa na urefu wa muda, tumia "for", kama "for two hours".

Jipime kwa kuandika matukio kumi ya siku yako kwa Kiswahili, kisha uyahamishe. Ukiweza kuhamisha yote kumi bila kuhesabu kwa vidole, endelea mbele.

## Hatua ya 4: Tumia nyakati nne tu za kitenzi

Hii ni hatua fupi. Kiswahili tayari kinatupa njia.

Panapokuwa na -me- na hujataja saa, tumia "have": "Nimewasha upya ruta" ni "I have restarted the router." Ukitaja saa, hata kama kwa Kiswahili ungeendelea kutumia -me-, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I restarted the router at 10:05." Sentensi ya "I have restarted the router at 10:05" ndiyo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko lolote la sarufi.

Panapokuwa na huwa au mazoea, tumia wakati wa kawaida: "The link drops every evening." Panapokuwa na jambo linaloendelea sasa hivi, tumia "-ing": "The link is dropping now." Fundi anayechanganya haya mawili hueleza hitilafu ya mwezi mzima kana kwamba imeanza leo.

Neno bado lina sura mbili. "Bado haifanyi kazi" ni "It is still not working." "Bado sijabadilisha" ni "I have not replaced it yet." Na ukiulizwa kama umemaliza, jibu la "bado" ni "Not yet", si "Still".

## Hatua ya 5: Andika taarifa yenyewe

Taarifa nzuri hujibu maswali sita kwa mpangilio huu: nini kimetokea, wapi na tangu lini, nani ameathirika, unaona nini kwa macho yako, umefanya nini, unataka nini na kabla ya saa ngapi. Mpangilio huu si wa adabu. Msomaji wako huenda ana tiketi nyingine nyingi mbele yake, na huamua uzito wa yako kwa mistari miwili ya kwanza.

Tazama kwanza taarifa ya aina ninayoipokea mara kwa mara:

> Subject: PROBLEM
> Hello, I hope you are fine. The network of Nansio is disturbing from morning at 3:40. The users they are complaining too much. I tried everything but it has refused. Please help urgently.

Mwandishi wake alivuka na kivuko kwenda Ukerewe, akafanya kazi ya kweli kwa saa nzima, na hakuna hata kitendo chake kimoja kinachoonekana hapa. Sasa tazama taarifa ile ile ikiwa imeandikwa upya:

> Subject: No internet at Nansio office since 09:40 EAT, 3 April
> The Nansio office has had no internet since 09:40 EAT, which is 06:40 UTC, on 3 April.
> All eight users are affected. They cannot send their daily reports.
> The router is on and the power light is green. The internet light is off.
> I restarted the router at 10:05 and replaced the cable at 10:20. The problem remains.
> Please check the link from your side and reply by 12:00 EAT. I can test on site until 13:30 EAT, because I leave the island on the afternoon ferry.

Kichwa. Weka hitilafu, mahali na muda. "PROBLEM" na "URGENT" havitofautishi tiketi yako na nyingine, na herufi kubwa tupu husomeka kama kelele.

Walioathirika. Taja idadi na kazi iliyosimama. "The users are complaining" hueleza hisia zao. "They cannot send their daily reports" hueleza hasara. Unapomtaja mtumiaji mmoja, kumbuka kwamba "yeye" yetu haina jinsia, nasi tunapoandika haraka tunachanganya "he" na "she". Andika "the user" na urudie neno hilo bila woga.

Unachokiona. Tenganisha ulichokishuhudia na unachokidhania, maana mhandisi wa mbali atajenga juu ya maneno yako. Ulichokipima mwenyewe ni "I have confirmed that…". Unachokishuku kwa sababu fulani ni "I suspect that…". Kinachowezekana tu ni "It may be…". Nawasihi sana mafundi vijana juu ya jambo hili: kuandika "The cable is damaged" wakati hujaipima kebo kumewahi kumpeleka mtu Sengerema akiwa na kebo mpya, wakati tatizo lilikuwa ni akaunti iliyokwisha muda.

Ujumbe wa hitilafu. Uunakili neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, bila kuufupisha wala kuutafsiri. Maneno yake yanafanana machoni, lakini maana zake ziko mbalimbali. "Connection refused" maana yake kwa kawaida ni kwamba mashine ya pili imefikiwa na imejibu, ila hakuna programu inayopokea pale ulipogonga. "Connection timed out" maana yake ni kwamba hakuna jibu lolote lililorudi, ama kwa sababu njia imekatika, ama kwa sababu kinga ya mtandao imenyamaza. "Permission denied" ni suala la ruhusa, hivyo kuwasha upya hakutasaidia kitu. "No space left on device" ni diski iliyojaa. Ukiandika kwamba mashine "imekataa" kwa yote manne, umemnyima msomaji nusu ya uchunguzi uliokuwa tayari mikononi mwako.

Ulichokifanya. Kila kitendo kiwe na saa yake. "I tried everything" humlazimisha mwenzako akuombe urudie yote tangu mwanzo.

Ombi. Taja kitendo kimoja na muda. "Please help" si ombi, kwa sababu halina kazi ndani yake. "Please check the link from your side" lina kazi.

*Tahadhari:* usiweke nywila ndani ya tiketi, hata kwa muda mfupi, na kabla ya kuambatisha picha ya skrini hakikisha haionyeshi jina la mgonjwa, mteja au akaunti yake.

Taarifa imefanikiwa pale jibu la kwanza linapokuwa kitendo, kama "We have reset the port, please test", badala ya swali.

## Hatua ya 6: Rekebisha adabu, hasa "pole" na "ndiyo"

Kiswahili cha pwani na cha bara vyote vimejaa upole, na tunapotafsiri upole huo neno kwa neno, maana hubadilika.

Naomba isiwe "I beg" wala "I am asking for". Andika "Could you please send the new license key?" Neno "kindly", tunalolipenda sana, linaeleweka, lakini "please" linatosha na halisikiki kama amri ya ofisi ya zamani.

Pole ni jambo zito zaidi. Sisi humpa pole hata mtu ambaye hatukumkosea. Ukimwandikia mteja wa nje "Sorry for the outage", anaweza kuelewa kwamba umekiri hitilafu ni yako, na katika mikataba yenye fidia kukiri huko kuna gharama. Unapotoa pole, andika "I am sorry to hear about the outage. We are checking the cause." Unapoomba radhi kwa kosa lako kweli, sema waziwazi: "I apologise for the delay in my reply."

Ndiyo kwa swali la kukanusha ndiyo mtego wa simu. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Hujawasha upya seva?" nawe hujawasha, unajibu "Ndiyo, sijawasha." Kwa Kiingereza, swali la "Didn't you restart the server?" hujibiwa kwa kufuata ukweli wa kitendo: ikiwa hujawasha ni "No, I didn't", ikiwa umewasha ni "Yes, I did." Usijibu kamwe kwa "yes" tupu. Ongeza kitenzi kila mara, na hata ukikosea neno la kwanza, la pili litakuokoa.

Vivyo hivyo, "OK" ya "sawa" haimwambii mtu kama umeelewa, umekubali au umemaliza. Chagua moja: "Understood", "Agreed" au "Done".

## Hatua ya 7: Zungumza kwenye simu na kikaoni

Kwa wengi wetu tuliokulia Usukumani, l na r hubadilishana nafasi bila sisi wenyewe kusikia. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna tatizo. Katika namba ya kifaa yenye herufi hizo, kosa moja huleta kipuri kisicho chake. Dawa yake si kuhangaika na ulimi kwa miezi. Ni kutumia majina ya herufi yanayotumiwa na marubani na mabaharia duniani kote:

> Alfa, Bravo, Charlie, Delta, Echo, Foxtrot, Golf, Hotel, India, Juliett, Kilo, Lima, Mike, November, Oscar, Papa, Quebec, Romeo, Sierra, Tango, Uniform, Victor, Whiskey, X-ray, Yankee, Zulu.

Sema "L as in Lima, R as in Romeo", na shaka itaondoka. Bandika orodha hii karibu na simu ya ofisi.

Tarakimu zisome moja moja. "Fifteen" na "fifty" hukanganya hata wenye lugha yao kwenye simu yenye mikwaruzo, lakini "one five" na "five zero" hazikanganyi mtu. Anwani ya mtandao isomwe hivyo hivyo, na nukta yake ni "dot". Mkwaju ni "slash", kistari cha kati ni "hyphen", kistari cha chini ni "underscore".

Usiposikia, usiseme "yes" ili mazungumzo yaishe. Kariri sentensi hizi tatu mpaka zitoke zenyewe:

- "Could you repeat the last part, please?"
- "Could you speak a little more slowly? The line is not clear."
- "Let me read that back to you."

Ya tatu ndiyo muhimu kupita zote. Msome mwenzako maelekezo aliyokupa, na kosa litajitokeza likiwa bado maneno matupu.

Kikao kifupi cha asubuhi kinahitaji sentensi tatu: "Yesterday I finished the cabling at Igoma. Today I will configure the switch. I am waiting for the license key." Taja siku kila mara, kwa sababu tunapotamka "finished" na "replaced" mwisho wa neno hupotea, na msikilizaji hubaki hajui kama kazi imeisha au itafanyika. "Yesterday" hubeba maana ambayo sauti imeiangusha.

Fanya zoezi na mwenzako mkiwa vyumba viwili tofauti: mmoja asome namba ya kifaa na maelekezo mawili, mwingine aandike. Rekodi, kisha mlinganishe. Mkifikia simu tano mfululizo bila kosa la herufi wala tarakimu, mko tayari kwa simu ya kweli.

## Hatua ya 8: Soma jibu na ufunge tiketi

Katika maelekezo utakayojibiwa, tazama kwanza nguvu ya amri. "Must" ni lazima. "Should" ni inashauriwa, na ukiacha uwe na sababu. "May" ni hiari. Maneno haya yamewekewa maana rasmi katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 2119, wa mwaka 1997, na wasambazaji wengi huyatumia kwa maana hizo. Neno "unless" lisikupite: "Do not power off the device unless instructed" maana yake ni usizime isipokuwa ukiambiwa.

Kisha chagua neno la hali kwa uangalifu. Katika mifumo mingi, "resolved" ni tiba imewekwa na unasubiri mtumiaji athibitishe, wakati "closed" ni amethibitisha na kazi imekwisha. "Workaround" ni njia ya kupitia kwa muda huku tatizo likiwa lipo. "Fix" ni tiba yenyewe. Ofisi ya Nansio ikirudi hewani kwa modemu ya simu uliyoiazima, andika "Workaround in place", kwa sababu ukiandika "Fixed", hakuna atakayeitafuta kebo iliyokatika.

Maelezo ya kufunga yawe mistari miwili: chanzo na kilichofanyika. "Cause: damaged cable between the mast and the router. Action: cable replaced at 15:10 EAT, tested with the user for 30 minutes."

Mwisho, rudi kwenye tiketi zako kumi za Hatua ya 1 na uziandike upya zote. Mpe mwenzako ambaye hakuwepo, azisome bila wewe kuwa chumbani, na aandike pembeni kila swali linalomjia. Swali la "ulifanya nini?" likurudishe Hatua ya 2, la "lini?" Hatua ya 3, na la "unataka nini?" Hatua ya 5. Ile itakayorudi bila swali hata moja, inakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, uitumie kama kielelezo unapofungua tiketi yako inayofuata.